Kimya Alichonyimwa Masinde

Wasikilizaji wapendwa, tangu asubuhi simu ya studio haijapumzika. Mnaomba wimbo mmoja. Mnaomba ule wimbo wa tarumbeta ambao Masinde wa Kaloleni aliupuliza kwenye mazishi ya Mzee Omolo, ule ambao nusu ya Eastlands hapa Nairobi wanao kwenye simu zao. Nimewasikia. Jibu langu mtalipata mwishoni, na huenda lisiwapendeze. Kwa sasa punguzeni moto wa jiko, wanaobishana kuhusu mpira wakabishanie nje, tumkumbuke mtu.

Mimi ni Mativo wenu, na mtu tunayemkumbuka jioni hii ni Ryan Masinde. Ryan Masinde, mpiga tarumbeta. Mzaliwa wa Kaloleni, mfanyakazi wa kiwanda cha magodoro, mume wa Ndunge, baba wa Mwelu. Ametutoka akiwa kijana bado. Ametutoka kwa sababu ya mfupa mmoja, na mfupa wenyewe, wasikilizaji wapendwa, ulikuwa unapona.

Nilikwenda Kaloleni kumwona Ndunge. Wanaishi zile nyumba za mawe za zamani za kaunsili, mlango unaotazama ukumbi. Alinipa chai, akakaa, akanitazama kama mtu anayepima kama inafaa kunieleza. Kisha akasema, "Nitakwambia yote, lakini usiende kuyapaka sukari." Nami nimeahidi. Kwa hiyo kama unapenda yenye sukari, leo umekosea stesheni.

Turudi nyuma kidogo. Masinde alipokuwa mtoto aliugua koo. Koo la kawaida, la kupewa maji ya chumvi na kuambiwa nenda ucheze. Lakini ugonjwa ule haukuisha, ulihamia moyoni. Ulikaa humo miaka mingi ukitafuna mlango mmoja wa moyo. Utotoni humohumo alimpata Mzee Omolo, mstaafu wa reli, aliyekuwa kiongozi wa bendi ya kanisa lao. Mzee Omolo alimkalisha kwenye ngazi za ukumbi wa Kaloleni, akamtia tarumbeta mdomoni, akamwambia, "Usipulize kwa mashavu kama chura. Puliza kwa kifua." Akapuliza kwa kifua. Kwa kifua kile kile kilichokuwa na ugonjwa ndani.

Ndunge alimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Yeye ni binti wa mchonga vinyago kutoka Wamunyu, Ukambani, amekuja Nairobi kuwa karani wa shule. Jumapili moja alikuwa anaanua nguo, bendi ikapita, na sauti ya kwanza ikapanda juu ya zile nyingine zote. "Nilibaki na shati mkononi," aliniambia, akacheka mara moja tu. Walioana. Nyumbani kwa kina Masinde walimtania mpaka basi. "Mkamba wetu, usije ukaturogea kijana." Ndunge alikuwa akicheka nao. Utani ni utani, mpaka siku unapoacha kuwa utani.

Basi Masinde akaanza kuishiwa pumzi. Ngazi tatu, anasimama. Wimbo mmoja, anakaa. Madaktari wakasema mlango wa moyo lazima ubadilishwe. Na ili waufikie moyo ilibidi wapasue mfupa wa kidari, ule ulio katikati ya kifua unaoshika mbavu. Walimpasua, wakambadilishia mlango, wakaufunga mfupa kwa waya.

Sikilizeni vizuri hapa, maana habari yote iko hapa. Mfupa ukikatwa hutoka damu. Una uboho ndani, na damu yake haizibiki kwa kubanwa na kitambaa. Kwa hiyo siku ile walipaka nta kwenye kingo za mfupa. Nta, ya nyuki. Ni dawa ya zamani, imeokoa watu wengi, na ndiyo iliyokuwepo. Damu ilisimama, moyo ukapiga vizuri, Masinde akarudi nyumbani na dawa za kuifanya damu yake iwe nyepesi, dawa za maisha yote. Tatizo ni kwamba nta haiondoki. Ilikaa pale kati ya pande mbili za mfupa kama mgeni asiyejua kuaga.

Mfupa haukuungana. Miezi ikapita, haukuungana. Masinde akivuta pumzi ndefu, kifua kinaalika. Ta! Kama kidole kinavyoalika ukikivuta. Ukikaa karibu naye kanisani unausikia mlio huo katikati ya ubeti. Watoto wakawa wanacheka. Yeye akawa anajitetea kwa mzaha, "Si hata nimewaokolea pesa ya ngoma, manze. Nimebeba yangu ndani." Lakini usiku, Ndunge anasema, alikuwa analala amekishika kifua kwa mikono miwili, kwa sababu akigeuka vibaya anazisikia pande mbili zikisuguana.

Ndipo wakampata Daktari Hanad. Mpasuaji wa vifua, mtu mpole, anaongea taratibu. Aliwatazamisha picha ya kifua, akawaonyesha ule mstari mweusi ambao haukufaa kuwepo. Akasema nta ni lazima itolewe yote. Akasema safari hii atapaka kitu kingine, dawa mpya inayofanana na ugali laini, iliyotengenezwa kwa maganda ya kaa wa baharini. Nayo inasimamisha damu. Lakini haibaki.

"Haibaki inaenda wapi?" Ndunge akauliza.

"Mwili unaila kidogo kidogo," daktari akasema. "Inaondoka, na pale inapoondoka mfupa mchanga unaingia. Lakini nisikilize, dada. Hii dawa haiungi mfupa. Mfupa unajiunga wenyewe. Kazi ya dawa ni kuzuia damu, kisha kupisha."

Ndunge alielewa upesi, na aliniambia kwa nini. Alipokuwa mdogo kule Wamunyu, baba yake alimpa kinyago cha twiga aliyevunjika shingo amuunge. Yeye, kwa kutaka kupendeza, akaanza kumpaka nta ang'ae. Gundi ikakataa kushika. Baba akaikwangua nta yote, akatia gundi upya, akamfunga twiga kwa kamba za mpira. Mtoto Ndunge akawa anamgusagusa kila saa kuona kama imeshika, mpaka baba akamchapa kiganja. "Usiiguse," akamwambia. "Iache ishikane."

Daktari Hanad alimpasua Masinde mara ya pili. Aliikwangua nta, akapaka dawa, akafunga waya mpya. Damu ya mtu anayetumia dawa za kuilainisha si mchezo, lakini ilisimama. Kisha akatoa amri. Asibebe ndoo. Asivute mlango mzito. Asisukume kitu. Na asipulize tarumbeta, miezi mitatu kamili, mpaka picha nyingine ionyeshe kwamba ule mstari mweusi umefutika. Miezi mitatu, wasikilizaji wapendwa. Alichohitaji Masinde ili apone kilikuwa ni kimya. Si kingine. Kimya.

Sasa mngoje muone tulivyo sisi watu wa maombi.

Kiongozi wa bendi wa sasa ni Nabiswa, wote wanamwita Bendimasta. Siku ya pili baada ya upasuaji alikwenda hospitalini na wenzake kumwombea mgonjwa. Alikuwa hajafumba macho vizuri, akamsikia Daktari Hanad akimwambia muuguzi, "Imeshika vizuri. Damu ilisimama pale pale." Daktari alikuwa anazungumzia damu. Lakini Nabiswa aliondoka na neno moja tu, imeshika. Jumapili akasimama mbele ya kanisa akatangaza kwamba Bwana amemuunga Masinde. Vigelegele. Mama Muhonja, mama yake Masinde, akacheza mpaka kilemba kikaanguka.

Mnaujua utaratibu wa makanisa yetu haya. Mtu akitoka hospitali, Jumapili ya kwanza anaitwa mbele kutoa ushuhuda. Masinde aliitwa mbele. Alikuwa bado anatembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Nabiswa akamsogezea kipaza sauti. "Masinde, waambie watu. Umepona ama hujapona?"

Jamani, aseme nini? Mama yake yuko pale machozi yanamtoka. Bendi nzima imesimama. Mzee Omolo, kipofu sasa, ameletwa kwa kiti cha magurudumu na anatega sikio. Aseme, "Mfupa una wiki mbili, tusubiri picha"? Masinde akasema, "Nimepona."

Alisema nimepona, na mfupa ulikuwa haujapona. Ndunge alikuwa amekaa benchi la tatu. Aliniambia alihisi kama ameona mtu akitia sahihi asichokisoma.

Tangu siku hiyo hawakupata amani. Kama amepona, mbona hapulizi? Wengine waliuliza kwa utani, wengine kwa jicho la pembeni. Masinde naye akaanza kuifuta tarumbeta kila jioni, kuikagua, kuimezea mate ya hamu. Ndunge akaona hapana. Akachomoa mdomo wa tarumbeta, kile kipande kidogo cha shaba ambacho kisipokuwepo, chombo ni bomba tu, akauzika ndani ya mkebe wa unga wa wimbi. Masinde alijua uko wapi. Aliuacha. Kwa muda mrefu aliuacha, na kwa hilo namheshimu.

Lakini siri ya nyumba ya Kaloleni haina ukuta. Ikajulikana. Na hapo ule utani wa zamani ukatoa meno. "Mkamba amefunga pumzi ya kijana kwenye mkebe." Hayo yalisemwa kwenye foleni ya maji, na mtu mzima, mwenye akili zake. Mama Muhonja akaja mwenyewe, akakaa kwenye stuli, hakutaka chai.

"Mama Mwelu, unataka mwanangu aonekane mwongo mbele ya Mungu?"

"Mama, nataka aonekane akiwa hai."

"Imani yako ni ndogo."

"Imani yangu haina neno, Mama. Ni mfupa ndio haujamaliza."

Ilikuwa mwezi wa pili. Mwezi wa pili, wasikilizaji, bado mmoja. Mzee Omolo akafa.

Alikufa usingizini, amekula chumvi nyingi, kifo ambacho sote tungekiomba. Ibada ikafanyika kwenye ukumbi wa Kaloleni, kisha mwili uanze safari ya kwao Ugenya. Na bendi ile ina desturi yake. Mwalimu wa bendi hutolewa na mwanafunzi wake. Kutoka mlango wa ukumbi hadi Jogoo Road, mwanafunzi anatangulia mbele ya jeneza akipuliza sauti ya kwanza, na wengine wanamfuata. Wanafunzi wa Mzee Omolo walikuwa wengi, lakini wa ngazi zile za ukumbi alikuwa mmoja.

Walikuja asubuhi, sare zimepigwa pasi, vifungo vinang'aa. Nabiswa akabisha hodi. Ndunge akasimama mlangoni.

"Bendimasta, daktari alisema miezi mitatu."

"Mama, daktari alisema imeshika. Nilimsikia na haya maskio yangu."

"Alisema damu imesimama. Hakusema mfupa."

"Damu, mfupa, si mwili ni moja?" Nabiswa akasema. Wala hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba hakusema kwa ubaya.

Ndunge akageuka kumtazama mumewe. Masinde alikuwa amekwisha kuvaa sare. Amekaa kitandani, tarumbeta mapajani, haina mdomo.

"Ndunge, leta hiyo kitu."

"Bado mwezi, Ryan."

"Najua. Lakini nilisimama huko mbele nikasema nimepona. Nisipopuliza leo, mimi ni mwongo wa madhabahuni, na mamangu ni mama wa mwongo. Na huyo mzee atoke Kaloleni vipi bila sauti ya kwanza? Ni yeye alinifunza. Wimbo moja tu. Nitapuliza pole."

"Tarumbeta haipulizwi pole. Wewe mwenyewe uliniambia."

Masinde alinyoosha mkono tu. Na Ndunge, ambaye alikuwa amepigana na ukoo, na bendi, na foleni ya maji, alitia mkono ndani ya unga akautoa ule mdomo. Akampa. Masinde akaupangusa kwenye suruali yake nyeusi, ukaacha alama nyeupe. Ndunge ananiambia bado anaiona ile alama. Nilimuuliza kwa nini alimpa. Akasema, "Kwa sababu alikuwa ameniomba. Wengine wote walikuwa wananiamuru."

Ule wimbo mnaoniomba, basi, ndio huo. Mnaujua. Ubeti wa kwanza ni mzuri, siwezi kukataa, ni mzuri hadi unauma. Ubeti wa pili, pale sauti inapopanda, pana mahali inakatika kidogo halafu inarudi ikiwa na mikwaruzo. Kuna mtu ameandika huko mtandaoni kwamba hapo Masinde alilemewa na kilio. Ndunge alikuwa hatua chache nyuma yake, kwenye kundi la wanawake. Aliusikia mlio. Ta! Anaujua mlio ule kuliko mtu yeyote duniani. Alipiga kelele, "Mwacheni! Inatosha!" na wanawake wakamshika mabega wakimwambia kaza moyo mama, wakidhani analilia mzee. Masinde akaendelea, mkono wa kulia kwenye vitufe, wa kushoto ameukandamiza kifuani. Watu wakaona ni mbwembwe. Wakapiga vigelegele. Alipuliza hadi Jogoo Road.

Usiku ule akapata homa. Kidonda kikafunguka, usaha ukaingia kifuani. Walipomrudisha kwa Daktari Hanad, daktari alifungua, akafanya alichoweza, akatoka nje amejiinamia. Alimwambia Ndunge maneno ambayo naomba niyasome polepole. "Dada, hakukuwa na nta tena. Dawa ilikuwa imeshaanza kuondoka na mfupa mchanga umeingia. Laini bado, lakini umeingia. Ulikuwa unaungana. Waya zimeukata." Kisha akasema la kwake mwenyewe. "Ilifaa niwaite hao wa bendi niwaeleze. Niliwaona pale wodini na sikufikiria."

Ulikuwa unaungana. Hilo ndilo Ndunge anaamka nalo kila siku. Kama dawa ingeshindwa, angekuwa na kitu cha kulaumu. Haikushindwa. Ilizuia damu, kisha ikapisha, kama ilivyoagizwa. Sisi ndio tulioshindwa kupisha.

Masinde alifariki wiki iliyofuata. Kwenye matanga wapo waliotoa methali, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapana, ndugu zangu. Masinde alisikia la mkuu. Wakuu ndio walikuwa wengi mno. Nabiswa naye alisema Mungu alimpenda zaidi. Ndunge akamjibu mbele ya wote, "Bendimasta, usimsingizie Mungu. Yeye ndiye alikuwa anaunga."

Siku ya kumtoa Masinde bendi ilikuja tena, sare zimepigwa pasi. Ndunge akasimama mlangoni mwa ukumbi. Akawaambia, "Mtatembea. Hamtapuliza."

"Mama," Nabiswa akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa imechakaa, "mpiga tarumbeta hatolewi kimya kimya."

"Alipokuwa hai alihitaji kimya mkamnyima. Leo mtampa."

Mama Muhonja ndiye aliyekubali kwanza. Aliichukua tarumbeta ya mwanawe, haina mdomo, akaibeba kifuani kama mtoto mchanga, akaenda kusimama kando ya Ndunge. Hakusema samahani. Alisimama tu kando yake. Na watu wa Kaloleni wakatembea kutoka ukumbini hadi Jogoo Road, bendi nzima, vyombo mikononi, na hakikusikika chochote ila viatu.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kipindi hiki natoa pole kwa Ndunge, kwa mtoto Mwelu, kwa Mama Muhonja na ukoo wote, na kwa watu wa Wamunyu waliompoteza mkwe. Pole pia kwako, Bendimasta Nabiswa, najua unasikiliza, na najua hulali.

Na nyinyi mnaonisikiliza, mna mgonjwa nyumbani? Ameshasema amepona? Muulizeni tena, mkiwa wawili tu, bila kipaza sauti, bila mama kulia. Mkimuuliza hivyo, huenda akawaambia ukweli. Akiwaambia bado, basi ni bado. Msimwekee wimbo mdomoni.

Sasa lile ombi lenu. Wimbo ninao hapa, mbele yangu. Sitaucheza. Katika kazi hii tunafunzwa kuogopa kimya kuliko kitu chochote, na mkubwa wangu ananitazama kupitia kioo akitikisa kichwa. Anitazame. Nitazima kipaza sauti, na kwa dakika chache zinazofuata hamtasikia kitu. Redio yako haijaharibika. Usiiguse. Iache.